Bana Roho

Siku ya yenga, siku ya misa, tarehe 8, mwezi wa kenda

Paulin, jana kwa telefone uliniambia niandike, ili siku njia ya Rutshuru itafunguka na utoke Butembo usikute mutoto amekomaa bila weye kujua alivyoanza. Basi naandika. Masomo niliacha mapema, unajua, utasoma hivyo hivyo.

Mutoto kwanza. Joviale anasimama akishika kiti. Anaachilia, anajishangaa, anaanguka. Kila mutu mwenye ndevu anamuita papa, hata yule muzee wa kuuza mikate. Nacheka, halafu sicheki tena.

Sasa habari yangu. Kuna kampani ya sekirite inatafuta wanawake wa kusimama mulangoni, wale wa kupekua wanawake wenzao. Testi ni mwezi wa kumi na mbili, mbele ya Noeli. Wanakukimbiza, wanakubebesha gunia la muchanga, mwisho unabeba mutu muzima mabegani kama vile nyumba inaungua. Gisèle, jirani yetu wa mulango kwa mulango, yule familia yake ilikimbia Kibumba, amejiandikisha. Akaniandikisha na miye bila kuniuliza.

Nikamuambia: "Gisèle, hii mikono ni ya kuosha nepi."

Akasema: "Mikono ya nepi njo iko na nguvu. Kesho tunaenda kwa Koch."

Nikipata kazi ile, mutoto atakula bila miye kuomba. Ndiyo hiyo tu ninayotaka mwaka huu.

Tarehe 9

Sale ya mazoezi ya Koch Zéphirin, hapa Ndosho, watu wanaiita Shimoni, na ni shimo kweli. Zamani walikuwa wanachimba pale mawe meusi ya volkano ya kujengea. Wakachimba, wakachimba, wakaacha. Unashuka ngazi za mawe mpaka chini, kimo cha nyumba. Kule chini koch ametandaza changarawe. Ameweka banki ya kulalia, bare ni ekseli ya jipu ya zamani, altere za mikononi ni simenti iliyokauka ndani ya makopo ya rangi. Yeye ni mutu wa Beni, Munande mwenzetu, mabega kama kabati. Analala juu, pembeni ya shimo, kwenye kibanda cha mbao, kwa sababu ya wezi wa vyuma.

Akamuangalia Joviale mugongoni mwangu. "Na huyu anafanya testi?"

"Anafuata mama yake, Koch."

"Sawa. Asinikojolee tu kwenye banki."

Kona ya nyuma, mahali pa chini kabisa, kuna kivuli na baridi nzuri. Nikatandika kitenge, nikamulalisha pale.

Koch anafundisha hivi: mbele ya kuinua, vuta hewa, jaza tumbo, bana roho. Usiachilie mpaka chuma ifike juu. "Bana roho!" anapiga kelele mpaka njiani wanasikia. Zihindula, motari anayekuja kujenga kifua mbele ya kuanza kubeba watu kwa pikipiki, akauliza: "Koch, na roho ikitoka moja kwa moja?"

"Ikitoka utairudisha. Seri ya pili inakungoja."

Tarehe 12

Kichwa kinaniuma kisha mazoezi. Kinaanzia kisogoni, kinapanda, kinakaa nyuma ya macho kama mutu anagonga mulango. Koch anasema ni mwili mupya kwa kazi mupya.

Tarehe 13

Kichwa.

Tarehe 20

Nilifikiri ni misuko, kwa sababu Gisèle alinisuka kwa kukaza. Nikafumua yote. Nilienda sale na nywele kama kichaka, Zihindula akaniita Simba ya Ndosho, na kichwa kikauma vilevile.

Nikaenda kwa muganga wa hospitali. Akapima tansio ya damu, iko muzuri. Akauliza nakula nini asubuhi. Nikasema chai. Akasema mama mwenye kunyonyesha hainui chuma na chai. Tena akasema: ukiinua usibane roho, toa pumzi taratibu, mutu akibana sana damu inapanda kichwani. Hakuuliza sale iko wapi, na miye sikusema.

Koch alipolisikia hilo alicheka mpaka akakaa chini. "Toa pumzi! Anafikiri tuko tunapuliza supu? Kanyere, nisikilize. Chuma haiumizaka mutu kichwa. Njaa njo inaumizaka."

Kesho yake akaniletea viazi viwili vya moto ndani ya karatasi. Aliviweka juu ya banki akaenda kusukuma makopo yake. Paulin, usione wivu. Ni mutu wa vile tu.

Siku ya yenga, tarehe 29

Nilikula viazi, nilitoa pumzi taratibu, kichwa bado.

Jambo moja nimeliona. Siku za kusimama na altere kinauma kidogo. Siku za banki, na zile za kulala chini na kuinua miguu, kinapasuka, na moyo unakimbia hata nikiwa nimeacha. Nimemuambia Gisèle. Akasema: "Ni kwa sababu banki njo nguvu sana." Nikaona ni kweli.

Joviale, kinyume, sale inamufaa. Nyumbani analia mpaka nimuimbie, kule nikimuweka tu kwenye kona yake anasinzia mara moja. Watu wote wanamusifu. Ila akiamuka anakuwa mulegevu, jana alitapika maziwa. Meno, bila shaka.

Tarehe 3, mwezi wa kumi

Leo tumetukanwa. Nyumba iliyo karibu kabisa na shimo ni ya mwanamuke muzee, mutu wa upande wa Bukavu, anauza kasiksi, pombe ya ndizi. Wanamuita Koko Nshobole. Hana meno ya mbele, hana subira, na kila siku anatupa majivu upande wetu. Leo alisimama juu ya ngazi na mwiko mukononi.

"Weye mwenye mutoto! Toka na huyo mutoto kule chini!"

"Juu ya nini, Koko?"

"Kuko mazuku kule! Mutakufa bote na mimusuli yenu!"

Koch akamujibu: "Koko, rudi kwa pombe yako. Mizuka yako inaogopa altere."

Watu wakacheka. Miye sikucheka. Paulin, kwetu muzuka ni marehemu asiyelala, anayetembea anatafuta mutu. Koko anasema kuna mizuka pale mutoto wangu analala, na anayasema hayo kwa hasira, kama mwenye kuituma.

Nikamuvalisha Joviale medali ya Bikira shingoni.

Tarehe 10

Mvula imeanza ile ya kweli. Mchana mzima. Uwanja ni matope meusi.

Tarehe 11

Mvula. Mabomu upande wa Sake asubuhi, halafu mvula ikafunika kelele.

Tarehe 14

Koch amefunika shimo. Ametafuta bashi kubwa, lile turubai jeupe la wahamiaji, akalivuta juu ya shimo lote na kulikandamiza na mawe. Ameacha nafasi ya ngazi tu. Ndani ni kukavu, na joto kidogo. Tukamupigia makofi.

Kichwa cha leo sijawahi kukiona. Nilirudi nyumbani nikishika kuta za watu.

Tarehe 17

Gisèle naye. Zihindula naye, alitapika kando ya pikipiki yake na mupasenja anamungoja. Mupasenja akamuuliza: "Papa, uko mulevi?" Akasema: "Ningekuwa mulevi ningejua nimekunywa nini."

Koch mwenyewe amefunga kitambaa kichwani. Anasema ni sinizite.

Tarehe 25

Mbwa wa koch amekufa. Alikuwa anaitwa Ministre kwa sababu ya tumbo. Asubuhi walimukuta kule kwenye kona ya nyuma, karibu na pale ninapotandika kitenge, amelala kama mwenye kuota jua. Hana kidonda wala povu mudomoni.

Zihindula akasema neno ambalo sisi wote tulikuwa nalo mudomoni: karuho. Sumu ile ya polepole, watu wanaiweka kwenye kinywaji na mutu anaisha kama sabuni. Na nani anauza kinywaji pembeni ya shimo? Nani anatutukana kila siku?

Koch alimufunga Ministre ndani ya gunia. Alisema: "Aniue miye. Mbwa alimukosea nini?"

Miye sijawahi kunywa kasiksi ya yule mwanamuke. Lakini kichwa kinaniuma. Basi si kwenye kinywaji, nikafikiri. Ni mizuka yake. Mbwa ameanza, na mutoto wangu analala palepale.

Siku ya yenga, tarehe 27

Ulipiga simu, ukauliza mutoto, nikasema muzima. Ukauliza na weye? Nikasema muzima. Telefone ikakatika, nikafurahi imekatika.

Nilimuambia Gisèle nataka kuacha. Akanishika mikono yote miwili. "Uache? Sasa umeinua ekseli mara nane? Kanyere, testi iko mulangoni. Utarudi kuomba unga kwa nani, kwa miye? Na miye nitaomba kwa nani?"

Hakuna wa kumuachia mutoto. Hakuna sale nyingine ya bure. Naendelea.

Tarehe 2, mwezi wa kumi na moja

Misa ya marehemu wote. Niliomba kwa ajili ya kila mutu aliyekufa Ndosho, wale wenye jina na wale wasio nalo, ili watulie. Nyumbani ningali na mushumaa wetu wa Pasaka, ule uliobarikiwa. Nitauwasha kwenye kona ile mbele ya kumulalisha mutoto. Kama ni mizuka, moto wa Pasaka hawauvumilii.

Tarehe 5

Paulin, nataka kuandika kabla sijasahau mpangilio wake.

Nilifika mapema, mbele ya wengine. Mvula ilikuwa imenyesha, sasa imesimama, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Joviale mugongoni. Nikawasha mushumaa juu ya ngazi, nikashuka nao taratibu nikisema Salamu Maria. Ukawaka vizuri. Nikafika kwenye kona, nikainama kuuweka chini.

Ukazimika.

Haukuyumba hata kidogo. Ulizimika kama mutu ameubana kwa vidole. Nikasimama, nikawasha kiberiti, kikawaka usoni mwangu muzuri kabisa. Nikawasha mushumaa. Nikainama. Ulipofika usawa wa goti, ukazimika. Nikajaribu karibu na banki. Juu ya banki unawaka mudogo mudogo, chini ya banki unakufa. Moshi wake haukupanda. Ulilala juu ya kitu nisichokiona, ukatambaa kama maziwa ndani ya chai, na pua ikaniwasha.

Nikapanda ngazi mbio. Nilienda wapi? Nilienda kwa mulozi mwenyewe. Nikapiga magoti kwenye mulango wake, mutoto mugongoni, mushumaa mukononi.

"Koko, nakuomba. Ondoa mizuka yako. Chukua miye, mutoto uache."

Koko Nshobole alikuwa anachuja pombe. Akageuka na chujio mukononi. "Mizuka gani?"

"Ile uliyosema iko kule. Imezima moto wa Pasaka."

"Nilisema mizuka, miye?" Akaweka chujio chini. "Nilisema mazuku. Ma-zu-ku! Hewa! Hewa mubaya inatoka ndani ya mawe, inalala chini kama maji, haina harufu. Inauaka mbuzi, inauaka kuku, inauaka batoto, kwa sababu bao njo bako bafupi. Mizuka! Nani anasema mizuka?"

"Kwa nini hukusema hewa, Koko?"

"Nani hajuake mazuku hapa?"

"Miye. Natoka Butembo."

Akanyoosha mukono wenye harufu ya ndizi, akamushika Joviale mguu, akaubonyeza bonyeza. Akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Na ule mulefu wa vyuma naye?"

"Anatoka Beni."

"Maskini yangu," akasema. "Nimekuwa napigia kelele bageni."

Paulin, nilikaa pale chini kwenye majivu yake nikalia. Kitenge changu. Kona yenye baridi nzuri. Mutoto anasinzia mara moja, watu wanamusifu. Niliandika mwenyewe hapa kwamba sale inamufaa.

Tarehe 6

Nimemuambia koch kila kitu, mbele ya wote. Nikamuonyesha mushumaa. Ulizimika tena, lakini leo chini kabisa, kwa sababu upepo umeanza.

Zihindula alipanda ngazi bila kuaga.

Koch alizunguka banki yake. "Mazuku nilisikia iko Bulengo, iko kule kwenye ziwa. Si hapa. Nimekaa hapa kiangazi kizima."

Nikasema: "Kiangazi shimo lilikuwa wazi, Koch. Sasa umelifunika."

Akaangalia bashi juu ya kichwa chake. Niliona limemuingia. Lakini mutu akiwa amejenga kitu chake kwa mikono, hakiachi kwa siku moja. Akasema tutafanya mazoezi juu, kando ya njia, na bido za plastiki zenye muchanga, na yeye atapandisha vyuma kidogo kidogo mvula ikipungua. "Testi kwanza," akasema. "Nyinyi wawili mukipita, nitaandika jina lenu kwenye ukuta."

"Na bashi, Koch?"

"Nikiondoa bashi maji itajaa, vyuma itaoza. Hakuna mutu atakaa kule. Vyuma haipumuake."

Tarehe 9

Mazoezi juu. Kubebana. Nilimubeba Gisèle mabegani mpaka kwenye duka la mukate na kurudi. Anapiga kelele kama mbuzi wa sokoni, watoto wanatufuata. Koko Nshobole alitoka kuangalia, akasema: "Mwanamuke anabebaka mwanamuke mwenzake juu ya nini, banaume banaishia wapi?" Gisèle akamujibu kichwa kikining'inia: "Butembo, Koko!"

Nilicheka mpaka karibu nimuangushe.

Tarehe 12

Mvula.

Tarehe 13

Mvula. Joviale ametembea hatua zake za kwanza, kutoka kitandani mpaka kwangu. Hakuna aliyeona isipokuwa miye. Sasa na weye.

Tarehe 15

Mvula na upepo ambao sijawahi kuusikia. Mabati yanaruka kwenye kartie, mutaani kote. Letu limekaa.

Siku ya posho, mbele ya yenga, tarehe 16

Nilifika asubuhi kwa mazoezi. Kibanda cha koch kilikuwa hakina mabati, godoro lake halimo. Sapata za Gisèle, zile ndala zake, zilikuwa juu ya ngazi, moja imegeuka.

Nikaita. Nikainama chini ya bashi. Koch alikuwa kule chini amelala kwenye godoro lake, pembeni ya banki, mahali pakavu, mikono juu ya kifua. Gisèle alikuwa ameanguka juu ya miguu yake, uso chini. Alishuka kumuamusha. Aliinama.

Nikapiga kelele. Koko Nshobole akatoka na mwiko. Nikafungua kitenge, nikamuwekea Joviale mikononi.

"Usishuke! Weye, usishuke!"

"Nitabana roho," nikasema.

Nikavuta hewa. Nikajaza tumbo. Nikabana roho, kama alivyonifundisha yeye, na muganga anisamehe. Nikashuka. Macho yaliniwasha kama vitunguu. Nikamushika Gisèle chini ya makwapa, nikamuinua mpaka akakaa kwenye banki, nikaingiza bega chini ya tumbo lake, nikasimama. Nguvu ya miguu, anasema koch, mugongo unafuata tu. Sikumuangalia koch. Hapana, nilimuangalia. Uso wake ulikuwa wa mutu aliyechoka vizuri.

Ngazi ya kwanza. Ya pili. Kifua kilianza kuruka chenyewe kikitaka hewa, kikipiga kama mutoto anayetaka kutoka. Nikasema hapana. Sikuachilia mpaka nilipoona anga.

Gisèle alikuwa na rangi ya majivu. Koko akamupiga makofi ya mugongoni, akamumwagia maji, akamutukana kwa Kishi, luga ya kwao. Akakohoa. Akatapika. Akafungua macho, akasema: "Kichwa changu."

Nikavuta hewa tena. Nikageukia ngazi. Koko akanishika kitenge kwa nyuma, na yule mwanamuke ana nguvu.

"Huyo amekwisha tangu usiku."

"Koko, niachilie. Naweza."

"Najua unaweza! Njo maana nakushika! Uko na mutoto, weye, uko na mutoto!"

Joviale alikuwa amesimama kwenye majivu akishika sketi ya Koko, ananinyooshea mikono. Nikakaa chini.

Zihindula alikuja na wenzake wenye pikipiki na kamba. Alijifunga kiunoni, akabana roho, akashuka, wakavuta. Ilibidi ashuke tena na tena. Mabega yale hayakubebeka kwa mara moja.

Siku ya yenga, tarehe 17

Kilio cha koch kiko kwa dada yake, kule Mabanga. Hapo wanaume wakaanza kusema. Karuho. Mbwa kwanza, sasa mwenye mbwa. Kabla ya saa sita walikuwa wanakuja Ndosho, kundi zima, mawe mikononi, kwa nyumba ya Koko Nshobole. Zihindula alinipigia simu: "Kanyere, miye siwawezi. Wako njiani."

Mushumaa wangu ulikuwa umebaki kipande. Nikautia ndani ya kopo la tomati, nikafunga kopo kwenye kamba. Gisèle alitoka kitandani akaja amenishikilia. Tukasimama kati ya shimo na nyumba.

"Mutoke, nyinyi wanawake."

Nikasema: "Papa, nitatoka. Angalia kwanza."

Nikavuta upande mumoja wa bashi, nikawasha mushumaa, nikateremsha kopo mbele ya macho yao. Likashuka likiwaka. Kati ya shimo, likazimika.

Mumoja akasema: "Ni upepo."

"Basi washa wako, papa."

Alitoa kiberiti chake mwenyewe. Nikapandisha, akawasha, akateremsha kwa mukono wake. Likazimika palepale. Akafanya tena. Kisha akabaki ameshika kamba. Gisèle akasema kwa sauti ya kukauka: "Huyu kizee alituambia. Tulicheka."

Koko alikuwa nyuma ya mulango, hakuonekana, nilimusikia anapumua.

Yule mwanaume alikuwa wa kwanza kutupa jiwe lake. Alilitupa shimoni. Wengine wakafanya vile. Lilikuwa jambo la ajabu, Paulin, sauti ya mawe yale yanashuka moja moja juu ya banki, juu ya makopo ya simenti. Hakuna aliyelia mpaka hapo.

Tarehe 19

Tumemuzika. Mvula ilingoja.

Tarehe 28

Kartie inajaza shimo. Kila anayepita anatupa jiwe. Koko analeta majivu yake, yale yale, anamwaga. Zihindula aliokoa ekseli mbele hawajaifunika. Ameiweka nyuma ya nyumba yetu. Sikuigusa.

Ulipiga simu. Nilikuambia koch amekufa. Ukasema: "Koch gani?" Sikuwahi kukuambia kwa mudomo, nilikuandikia tu. Utamujua ukisoma.

Tarehe 3, mwezi wa kumi na mbili

Nimeigusa ekseli.

Tarehe 12

Testi ilikuwa leo, uwanjani kwa kampani, kwenye hangari kubwa. Wanawake wengi kuliko nilivyofikiri. Hakukuwa na wa kumushika Joviale, Gisèle alikuwa kwenye mustari pamoja na miye. Nikatafuta kona. Nikatandika kitenge, na mbele ya kumuweka nikatoa kile kipande, nikakiwasha, nikakiweka chini kwenye simenti.

Mukubwa wa kazi akaja. "Mama, unafanya nini? Hapa si kanisani."

"Naangalia kama mutoto anaweza kulala hapa, chef."

"Na?"

Tukaangalia wote. Moto ulisimama wima, mudogo, haukutikisika. Nikauzima kwa vidole, nikamulalisha mutoto. Hakulala. Alilia mpaka mwisho wa testi, kwa nguvu zake zote, na kila kilio kilinipa furaha.

Nilikimbia. Nilibeba gunia. Kwa kubeba mutu walinipa mwanamuke mugeni, munene kuliko Gisèle. Nikavuta hewa, nikabana roho. Nilipomutua chini walikuwa wananiambia imetosha, imetosha, umepita mupaka.

Gisèle hawakumuchukua, mapafu bado. Miye wameniandika. Nitaanza mwezi wa kwanza. Kwenye njia ya kurudi Gisèle alinibebea mutoto, na hakuniacha nimuombe musamaha.

Sasa ni jioni. Nimekaa mulangoni, nimeegemea ukuta, nakingoja kichwa kianze, kisogoni, halafu juu, halafu nyuma ya macho. Chakula kimeiva. Joviale amekula. Nimengoja mpaka taa za jirani zimewaka.

Hakikuanza. Koch alisema kweli. Chuma haiumizaka mutu kichwa.